Kuloweka Miguu kwa Majani: Kazi ya Maji na Kazi ya Mimea

Kila ninapomwambia mtu kwamba jioni huwa naloweka miguu katika maji ya moto yenye majani, swali linalofuata huwa ni lile lile: yanatibu nini? Swali hilo halinishangazi, kwa sababu tumezoea kuona mitishamba ikinadiwa kuwa dawa ya kila kitu, kuanzia mafua hadi mikosi, na mtu akisikia habari za majani hutarajia kutajiwa ugonjwa. Jibu langu ni kwamba hayatibu kitu. Mimi naloweka miguu ili nipumzike, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchemsha maji. Lakini kupumzika nako kuna ufundi wake, na ufundi huo huanza pale mtu anapotambua kwamba sehemu kubwa ya raha anayoipata inatoka kwenye joto la maji, ilhali mimea huleta harufu na mambo machache yanayoishia juu ya ngozi. Asiyezitenganisha kazi hizo mbili huishia kutia majani mengi katika maji yaliyopoa, kisha akalalamika kwamba hakuona tofauti yoyote.

Nianze na joto, kwa kuwa ndilo lenye maelezo yaliyo wazi zaidi. Mwili unapojiandaa kulala, joto lake la ndani hushuka kidogo, na njia mojawapo ya kulishusha ni kutanua mishipa ya damu ya mikono na miguu ili damu yenye joto ifike karibu na ngozi na kulitoa joto hilo nje. Nyayo zimeumbwa vizuri kwa kazi hiyo: hazina nywele, na ndani ya ngozi yake kuna njia za mkato zinazounganisha ateri na vena moja kwa moja, ambazo zikifunguka huruhusu damu nyingi kupita kwa wakati mmoja. Mwaka 1999, Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba kutanuka kwa mishipa ya miguu na mikono ni miongoni mwa dalili bora za kubashiri mtu atapata usingizi upesi kiasi gani. Mwaka 2019, Shahab Haghayegh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walikusanya tafiti zilizohusu kuoga au kuloweka miguu kwa maji ya moto kabla ya kulala, wakaona kwamba maji ya nyuzijoto 40 hadi 42.5 za Selsiasi, yakitumiwa saa moja au mbili kabla ya kupanda kitandani, hata kwa dakika 10 tu, humsaidia mtu kusinzia mapema zaidi.

Kinachonivutia zaidi katika maelezo hayo ni suala la wakati. Wengi huweka beseni kando ya kitanda, wakaitoa miguu majini na kuiingiza moja kwa moja chini ya shuka, wakiamini kwamba usingizi utakuja joto likiwa bado halijapungua. Mwili haufanyi kazi hivyo, kwa sababu maji yakishaifungua mishipa, unahitaji muda wa kulitoa joto hilo kabla haujatulia. Kwa hiyo mimi huloweka miguu kazi za jioni zikishakwisha, nikiwa bado nimebakiza jambo moja jepesi la kufanya kabla ya kulala, kama kupanga nguo za kesho au kusoma kurasa chache.

Je, asiye na kipimajoto atazijuaje nyuzijoto 40? Hesabu yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Lita moja ya maji yaliyochemka sasa hivi, ikichanganywa na lita tatu za maji yenye nyuzijoto 20, hutoa lita nne zenye nyuzijoto 40, au pungufu kidogo kwa sababu beseni lenyewe hunywa sehemu ya joto. Kama maji ya bomba yana nyuzijoto 25, lita nne ndizo zinazofaa kwa lita moja iliyochemka. Tanguliza maji ya baridi kwenye beseni, kisha umimine ya moto, ukoroge, na upime kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilivyozoea kuosha vyombo huvumilia moto ambao ngozi nyingine haiuvumilii. Mpaka wa kuheshimu ni kama nyuzijoto 43: hapo ndipo vipokezi vya joto kali vilivyomo kwenye mishipa ya fahamu huanza kupeleka taarifa ya maumivu. Anayejikaza kuvumilia maji yanayochoma haongezi faida yoyote; anaitesa ngozi bure.

Beseni nalo liwe na kina cha kufunika vifundo vya miguu, na upana wa kuziwezesha nyayo zote mbili kulala bila vidole kukunjwa. Maji machache hupoa haraka, kwa hiyo lita nne ndicho kiwango cha chini, na sita ni bora zaidi. Taulo kubwa likitandazwa kutoka magotini hadi kwenye ukingo wa beseni huuzuia mvuke na kuongeza dakika kadhaa za joto. Ukitaka kuongeza maji ya moto katikati ya shughuli, toa miguu kwanza. Nalisisitiza hilo kwa sababu birika la maji yanayochemka na miguu mitupu ni vitu visivyopaswa kukaribiana, hata kwa mtu mwenye mkono thabiti.

Sasa tuje kwenye mimea. Jambo ninaloliona mara kwa mara ni mtu kutupa majani makavu ndani ya beseni, kumimina maji ya uvuguvugu juu yake na kusubiri harufu. Majani hutoa kidogo mno katika maji ya namna hiyo kwa robo saa. Yanapaswa kutengenezewa maji yake kando, yakolee, kisha yachujwe na kumiminwa kwenye beseni. Kwa majani na maua laini, kama mnanaa, mchaichai, kamomili na lavenda, huchemsha maji peke yake, nikazima moto, nikatia majani na kuifunika sufuria kwa dakika 10 hadi 15. Kwa mizizi, magome na vitu vingine vigumu, kama tangawizi, hukata vipande vyembamba na kuviacha vitokote kwa moto mdogo kwa muda kama huo au zaidi. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba harufu ya majani laini hutokana na mafuta yanayoruka upesi, nayo yakitokoswa bila kifuniko huishia kwenye hewa ya jikoni. Funua sufuria ya mnanaa baada ya dakika 10 na ukitazame kifuniko kwa upande wa ndani: utaona matone yamejikusanya na kuanza kuteremka kuelekea ukingoni, na ukiyanusa utakuta yana harufu kali kuliko maji yaliyomo sufuriani. Mimi huyakung'uta yarudi ndani kabla ya kuchuja. Ni jambo dogo, lakini asiyelifanya huishia na beseni lenye rangi ya kijani na harufu ya majani yaliyopikwa.

Kuhusu kiasi, konzi mbili kubwa za majani mabichi, au konzi moja ya makavu, hutosha kwa lita moja ya maji. Lita hiyo ndiyo ile ile ya maji ya moto katika hesabu ya hapo juu, isipokuwa itakuwa imepoa kiasi wakati majani yakikolea, hivyo maji ya baridi nayo yapunguzwe kidogo. Kuchuja nakuhimiza si kwa ajili ya usafi tu. Vijiti vya rozimari na maganda ya mchaichai huchoma nyayo, na majani madogo hung'ang'ania katikati ya vidole kiasi cha kumfanya mtu atumie muda mwingi kuyabandua kuliko alioutumia kupumzika.

Kwa miguu iliyochoka kwa kusimama kutwa, mimi huchagua mnanaa, na sababu yake inachekesha kidogo. Mentoli iliyomo ndani yake haiipoozi ngozi hata kidogo. Inachofanya ni kukiamsha kipokezi kile kile ambacho mishipa ya fahamu hukitumia kutambua baridi, ubongo ukaamini kwamba miguu imepata upepo. Utafiti juu ya vipokezi vya joto na baridi ni sehemu ya kazi iliyowapatia David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Kwa anayeloweka miguu nyumbani, maana yake ni kwamba joto la maji lipimwe kwa ngozi ambayo haijaguswa na mnanaa, kwani ngozi iliyokwisha kudanganywa kuhusu baridi si shahidi wa kuaminika kuhusu moto. Tangawizi hufanya kinyume chake: ukali wake hukigusa kipokezi cha joto, na maji yake huhisiwa kuwa ya moto kuliko yalivyo. Huwafaa wale ambao miguu yao hukaa baridi muda wote, lakini mwenye ngozi nyepesi aanze na vipande vichache.

Lavenda na kamomili nazitumia kwa ajili ya pua. Siamini kwamba maji ya beseni huingiza kitu kikubwa mwilini kupitia unyayo, kwa kuwa ngozi ya hapo ina tabaka la nje lililo nene kuliko la sehemu nyingi za mwili, lakini mvuke wenye harufu unayoipenda hupanda hadi usoni kwa muda wote uliokaa, na harufu ya kupendeza ina nguvu yake katika kuituliza akili. Ndiyo maana sioni haja ya mtu kujigharimu kwa lavenda ikiwa harufu yake inamkera, eti kwa sababu kila mahali imeandikwa kwamba lavenda hutuliza. Mchaichai, rozimari, mrehani au mkaratusi vitamfaa vile vile akivipenda. Wenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti waiepuke kamomili, kwani nayo ni ya ukoo huo.

Majani ya chai nyeusi yanastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hapa mmea unafanya jambo halisi juu ya ngozi. Jasho la miguu likitoka huwa halina harufu ya kuudhi; harufu huletwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi iliyolowana, ambao huvunjavunja vilivyomo kwenye jasho na kutoa asidi zenye harufu kali, mojawapo ikiwa asidi ya isovaleriki. Chai ina tanini, ambazo huikaza ngozi ya juu na kupunguza utokaji wa jasho kwa muda. Inapaswa kuwa kali: majani yatokote kama dakika 15, yachujwe, yapoozwe kwa maji ya baridi hadi yavumilike, kisha miguu ikae humo kwa dakika 20 au 30, na zoezi hilo lirudiwe kwa siku kadhaa mfululizo. Tumia taulo kuukuu, kwa maana rangi ya chai hung'ang'ania kitambaa, na kucha nazo zitabaki na weusi kidogo kwa muda.

Vipo pia ambavyo sivitii. Mdalasini na karafuu vina mafuta makali yanayoweza kuiwasha ngozi, na harufu yake nzuri huwafanya watu wazidishe. Ndimu ina hatari ya aina nyingine: maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayochukua muda mrefu kufutika, kwa sababu yana kemikali zinazoamshwa na mwanga. Anayeipenda aitumie usiku, na aisuuze miguu yake vizuri.

Yale mafuta ya mimea yanayouzwa katika chupa ndogo yanahitaji uangalifu kuliko majani, ingawa watu huyaona kuwa njia ya mkato. Mafuta na maji havichanganyiki. Dondosha matone matatu kwenye beseni na utaona viduara vinavyong'aa vikielea juu ya maji. Mguu unapoingia hupita katikati yake, na mafuta ambayo hayajazimuliwa hugandamana na ngozi ya juu ya mguu, ambayo ni nyembamba sana ikilinganishwa na ya unyayo. Yachanganye kwanza na kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kawaida, kama ya nazi au ya alizeti, ndipo uyatie. Kuyadondoshea kwenye chumvi, kama wengi wanavyoshauri, hakusaidii, kwa kuwa chumvi ikishayeyuka mafuta hurudi juu kuelea kama kawaida. Na beseni lenye mafuta huteleza, jambo ambalo mtu hulikumbuka anaposimama.

Kuhusu chumvi yenyewe, ile ya Epsom, iliyopewa jina la mji mmoja wa Uingereza na ambayo kikemia ni salfeti ya magnesi, huuzwa kwa ahadi kwamba magnesi hupenya unyayo na kuilegeza misuli. Ushahidi wa jambo hilo ni hafifu. Sina ugomvi na anayeipenda, ila ugomvi ninao na yale mabeseni ya umeme yanayodaiwa kuvuta sumu mwilini kupitia nyayo. Mteja hukalishwa, maji hugeuka kahawia mbele ya macho yake, akaambiwa kwamba huo ndio uchafu uliokuwa ndani yake. Rangi hiyo hutokana na kutu: umeme unaopita katika maji ya chumvi huvila vyuma vya mashine, na maji hugeuka kahawia hata kama hakuna mguu wa mtu ndani yake. Kazi ya kuutoa uchafu wa mwili ni ya ini na figo, na viungo hivyo havisubiri beseni.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa siku ya kawaida. Baada ya hapo maji yamepoa na vidole vimeanza kukunjamana. Wengi hudhani kwamba ngozi hukunjamana kwa sababu imekunywa maji, kumbe jambo hilo huamriwa na mishipa ya fahamu, ambayo huifanya mishipa midogo ya damu ijikaze. Kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakikunjamani kama vingine. Muda huo mimi huutumia kuvikunja na kuvikunjua vidole polepole, kisha kuvizungusha vifundo, kwa kuwa kila mguu una mifupa 26 na kutwa nzima mingi kati yake hubanwa ndani ya kiatu. Simu huiacha chumba kingine. Si kwamba naihofia kuanguka majini, ingawa hilo nalo limo. Ni kwamba nikiwa nayo mkononi, dakika 20 huisha pasipo kuyahisi maji.

Wapo wasiopaswa kufanya haya bila kuzungumza na daktari, na wa kwanza ni mwenye kisukari. Ugonjwa huo unaweza kuileta ganzi miguuni, mtu akaungua bila kuhisi, na kidonda kidogo kikachukua muda mrefu kupona. Ndiyo maana wataalamu huwashauri wagonjwa wa kisukari waoshe miguu kila siku lakini wasiiloweke. Tahadhari hiyo inamhusu pia mwenye ganzi ya sababu nyingine, mwenye mishipa ya damu ya miguu iliyoziba, na mwenye kidonda kilicho wazi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiutafutie majani; huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hapo pa kwenda ni hospitali. Mwenye presha ya kushuka ainuke taratibu, kwani mishipa iliyotanuka inaweza kumletea kizunguzungu.

Baada ya maji, kazi iliyobaki ni ya taulo na mafuta. Kausha katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu unyevu unaobaki hapo ndio makazi ya fangasi. Nyayo hazina tezi za mafuta, tofauti na ngozi ya sehemu nyingi za mwili, kwa hiyo ikishalainishwa na maji ya moto hukauka upesi na kuwa ngumu kuliko ilivyokuwa, na aliyetaka kuondoa magaga akajikuta ameyaongeza. Paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, hasa visiginoni, ila katikati ya vidole pasipakwe, kisha uvae soksi za pamba. Magaga yasuguliwe kwa jiwe la kusugulia, kidogo kidogo. Wembe usitumike kabisa.

Maji yaliyobaki, kama hayakutiwa chumvi wala mafuta, huyaacha yapoe na kuyamwaga kwenye udongo wa mimea, na majani yaliyochujwa huyatupa huko huko. Beseni huoshwa kwa sabuni, husuuzwa na kuachwa likauke kabisa kabla ya mtu mwingine kulitumia, na kama mmoja wa wanaoishi nyumbani ana fangasi wa miguu, huyo awe na beseni lake na taulo lake.